Lafudhi, Lahaja na Kosa: Kiswahili Anachokikuta Mgeni Chang'ombe, Dodoma



Sisi tunaojishughulisha na lahaja za Kiswahili tumezoea kuelekeza masikio baharini. Tunapotaka kumwonyesha mwanafunzi kwamba Kiswahili ni kimoja chenye sura nyingi, tunampeleka Lamu, Mombasa, Vumba, Mtang'ata, Pemba au Makunduchi. Tunamwambia asikilize, aandike, asihukumu. Lakini mwanafunzi huyo huyo akipelekwa bara, kilometa zaidi ya 400 kutoka Dar es Salaam, hatumpi tena wasia huo. Anaambiwa kwamba huko watu "wanaharibu" Kiswahili, na kwamba kazi yake ni kusahihisha. Mhadhara huu unahoji tofauti hiyo ya mwenendo. Mahali nilipopachagua ni Chang'ombe, kata mojawapo ya Jiji la Dodoma, na mtu ninayemfuata ni mgeni anayefika hapo akiwa na Kiswahili cha pwani mdomoni.

Tuanze na jina lenyewe. Dar es Salaam nako kuna Chang'ombe, katika Wilaya ya Temeke, ambapo tangu mwaka 2005 kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu. Mgeni anayetoka huko hufurahi kulikuta jina la nyumbani, naye hulichambua bila taabu: kiunganishi cha umilikishi cha ngeli ya ki-, kisha ng'ombe. Kilichomilikiwa hakikutajwa, huenda ni kijiji, huenda ni kiwanja, huenda ni kisima. Mgogo naye hulichambua bila taabu, kwa kuwa katika Cigogo ngeli hiyo hiyo ina kiambishi ci-, na ng'ombe ni ng'ombe. Ngeli hiyo imejaa katika majina ya maeneo ya Dodoma: Chinangali, Chihanga, Chilonwa, Chigongwe. Kwa hiyo hatuhitaji kugombea jina la Chang'ombe ni la Waswahili au la Wagogo. Lugha mbili za ukoo mmoja zimekutana juu ya neno moja, na kila moja inaliona kuwa lake. Hali hii ya kukaribiana ndiyo inayomchanganya mgeni. Angekwenda kwa Wasandawe, upande wa Kondoa, akasikia sauti za vidoko, angejua mara moja kwamba yuko ndani ya lugha nyingine. Angekwenda kwa Waburunge, wenye lugha ya Kikushi, angejua vilevile. Lakini Chang'ombe anasikia kitu kinachofanana na lugha yake, kimepinda kidogo, naye anadhani kimepinda kwa sababu msemaji hakusoma.

Kiswahili hakikufika Ugogo jana. Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza katikati ya nchi hii. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, na kabla yao na baada yao walipita maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi na wafanyabiashara wa pwani ambao hawakuandika vitabu. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilileta makarani, mafundi na wachuuzi. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa kupanga mji. Chang'ombe ni miongoni mwa mitaa iliyokua kwa mikono ya wakazi wenyewe kuliko kwa michoro ya mamlaka hiyo, ambayo ilivunjwa mwaka 2017. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Kisha mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhamia kwa kishindo, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Kila wimbi lilileta wageni, na wimbi hili la mwisho limeleta wageni wenye mamlaka: maofisa, walimu, wauguzi, mahakimu. Hao wanapomsikia mwenyeji vibaya, anayeumia ni mwenyeji.

Jambo la kwanza mgeni analolipokea ni salamu. Mtu mmoja anasalimiwa Mbukwa. Wengi wanasalimiwa Mbukwenyi. Wanasiasa wameipenda sana hiyo ya pili, na hakuna mkutano wa hadhara Dodoma ambao hauanzi nayo, hata kama msemaji hana neno lingine la Cigogo. Mgeni huiiga upesi, lakini aghalabu huitumia kwa mtu mmoja, kwa kuwa aliisikia jukwaani. Angetazama mwisho wa neno angejiokoa. Kiambishi cha wingi -enyi ni jamaa wa -ni ya Kiswahili katika karibuni, njooni na shikamooni. Mtu anayeshtuka kusikia "karibuni" akiwa peke yake mlangoni ana sababu ile ile ya kushtuka akiambiwa "mbukwenyi".

Sasa tuingie katika sauti, kwa maana huku ndiko uwanja ulikotajirika zaidi.

Mgeni hukutana na majina ambayo ulimi wake unayakataa. Mfano ulio karibu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma ni kata ya Ng'hong'honha. Anaona herufi ng'h na nh, anadhani mwandishi amekosea, anaziondoa h zote na kusema "Ng'ong'ona". Kumbe h hizo zina kazi. Cigogo kina nazali zinazotamkwa kwa pumzi, zinazoandikwa mh, nh na ng'h, na zinatofautiana na m, n na ng' za kawaida. Mtu ni munhu, watu ni wanhu. Tembo ni nhembo. Kuku wa kufugwa ni ng'huku.

Tuziweke sauti hizi kando ya Kiswahili. Wanaisimu linganishi wanatuonyesha kwamba katika Kibantu cha kale nazali ilikaa mbele ya vipasuo visivyo ghuna, ikazaa mp, nt na nk. Mfuatano huo ni mgumu kuudumisha, na kila lugha ilitafuta njia yake ya kuulegeza. Katika Cigogo kipasuo kilidondoka, nazali ikabaki na pumzi: nk ikawa ng'h, hivyo ng'huku. Pwani ilifanya kinyume: nazali ikadondoka, kipasuo kikabaki na pumzi. Ndiyo maana Mmombasa wa Kimvita safi hutamka kuku na tembo kwa mpumuo mwanzoni, na kwake paa wa porini, mwenye mpumuo, si sawa na paa la nyumba lisilo nao. Washairi wa Mombasa wanaijua tofauti hiyo na wengine huiwekea alama katika maandishi. Tahajia ya Kiswahili sanifu haikuiandika, na wasemaji wengi wa Dar es Salaam hawaisikii tena.

Kwa maneno mengine, pumzi anayoitoa bibi wa Kigogo katika ng'huku na pumzi anayoitoa bibi wa Mombasa katika kuku ni masalio ya jambo moja. Mmoja alibaki na nusu ya kwanza ya mfuatano, mwingine na nusu ya pili. Aliyepoteza zote mbili ni yule mgeni anayewacheka.

Na pumzi hiyo si pambo. Katika Cigogo neno kuku, lisilo na nazali wala pumzi, lina maana ya babu, na wingi wake, wakuku, hutumika kwa wazee waliotutangulia. Mtoto wa Chang'ombe anayeandika katika insha yake kwamba Jumamosi alikwenda kijijini "kumsalimia kuku" hajachekesha mtu nyumbani kwao. Mwalimu mgeni atapiga mstari mwekundu na darasa litacheka. Sisemi mwalimu asisahihishe, kwa sababu insha ni ya Kiswahili na babu kwa Kiswahili ni babu. Ninasema kwamba kuna masahihisho yanayomfundisha mtoto kuwa ana lugha mbili, na kuna masahihisho yanayomfundisha kuwa hana hata moja.

Lipo neno jingine la aina hii ambalo wanafunzi wa fasihi watalifurahia. Katika Cigogo malenga ni maji. Ramani na vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 vinautaja ukanda mkavu kabla ya kuingia Ugogo kwa jina la Marenga Mkali, ambalo wao wenyewe walilifasiri kuwa ni maji makali, yaani yenye chumvi. Ukame wa sehemu hiyo uliogopwa na kila msafara. Mgeni anayesikia leo kwamba wanawake wamekwenda kuteka malenga asidhani wamekwenda kumteka mshairi. Angalieni pia kwamba wasafiri waliandika r mahali ambapo Mgogo hutamka l.

Hili la l na r ndilo linalowakera wageni kuliko yote. Wanasikia "lais", "habali", "kalanga", na hasa wanasikia "kupiga kula", jambo ambalo wakati wa uchaguzi huzua mizaha isiyokwisha. Kueleza ni rahisi: katika Cigogo l ndiyo sauti ya kawaida, na r haina kazi ya kutofautisha maana. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumeeleza upungufu tu. Upande wa pili wa habari ni kwamba l hiyo hiyo ya bara inaeleza jambo ambalo wanafunzi wetu wa sarufi huliona kuwa ni fumbo. Kwa nini kitenzi zaa kikinyambuliwa kinakuwa zaliwa? Hiyo l imetoka wapi? Kwa nini twaa inakuwa twaliwa, chukua inakuwa chukuliwa, pokea inakuwa pokelewa, jua inakuwa julikana? Vitabu vingi vya shule vinasema kwamba l "huingizwa" ili kurahisisha matamshi. Haikuingizwa. Ilikuwapo tangu zamani, pwani ikaidondosha ilipokuwa kati ya irabu mwishoni mwa mzizi, na mnyambuliko ukaihifadhi. Bara hawakuidondosha. Njaa ya Kiswahili ni nzala katika Cigogo, na lugha nyingi za bara husema kuvala pale tunaposema kuvaa. Mwanafunzi wa Kigogo ana ufunguo wa kanuni hii nyumbani kwao, lakini hakuna anayemwambia autoe mfukoni.

Kuhusu dh, th na gh sina mengi ya kusema. Cigogo hakina sauti hizo, na "zahabu" na "selasini" husikika Chang'ombe kama zinavyosikika Mwanza, Mbeya na katika mitaa mingi ya Dar es Salaam. Sauti hizo ziliingia katika Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu, na mtu anayezitamka vema anastahili sifa kama mtu yeyote mwenye ulimi uliofunzwa. Tuendelee.

Katika sarufi kuna kiambishi kimoja ambacho kinastahili mhadhara wake peke yake. Mgeni anasikia: "Baba anakujaga jioni," "Zamani tuliendaga kisimani," "Mimi sipendagi kelele." Husikia -ga hii Dodoma, Singida, Tabora, Shinyanga, na siku hizi aisikie Dar es Salaam kwenyewe, katika daladala na katika nyimbo. Walimu wameitangazia vita kwa muda mrefu, na kila mwaka inapata wasemaji wapya. Jambo lenye nguvu kiasi hicho lina sababu.

Kiswahili sanifu huonyesha mazoea kwa hu-: mimi huja, wewe huja, yeye huja. Kiambishi hiki ni kizuri lakini ni kipweke. Hakikubali kiambishi cha nafsi, hakikubali njeo, hakikubali ukanushi. Mtu akitaka kueleza mazoea ya wakati uliopita hana budi kutumia vitenzi viwili: tulikuwa tukienda. Akitaka kuyakanusha lazima aseme siendi, ambayo yaweza kuwa na maana ya leo tu, au aongeze kielezi. Kiambishi -ga hukaa mwishoni mwa kitenzi na kuacha nafasi za mbele wazi, hivyo nafsi, njeo na ukanushi vyote hubaki mahali pake: ninaendaga, niliendaga, siendagi. Tazameni huo mfano wa tatu. Katika Kiswahili irabu ya mwisho hugeuka kuwa i katika ukanushi wa wakati uliopo: ninaenda, siendi. Msemaji wa -ga anaifuata kanuni hiyo kwa uaminifu na kuihamisha i hadi mwisho mpya wa neno. Hasemi "siendiga". Hakuna mwalimu aliyemfundisha hivyo, na hakosei. Tukikuta utaratibu wa namna hii katika Kimakunduchi tunauandikia makala.

Wala -ga si uzushi wa vijana. Wanaisimu wameijenga upya kuwa kiambishi *-ag- cha Kibantu cha kale, na kinaishi katika Kisukuma, Kinyamwezi, Kikuyu na lugha nyingine nyingi. Ni Kiswahili kilichokiacha. Msemaji wa bara amekirudisha mahali ambapo pengo lake lilikuwa linaonekana. Nikiulizwa kama nitakubali -ga katika tasnifu ya mwanafunzi wangu, nitajibu kwamba sitakubali, kwa sababu tasnifu ina mkataba wake na Kiswahili sanifu. Nikiulizwa kama ni kosa la sarufi, nitajibu kwamba ni sarufi.

Kiambishi ka- cha udogo, kama katika katoto na kanyumba, kina kisa kinachofanana, na nitakigusa tu. Pwani hutumia ki- kwa udogo, na ki- hiyo hiyo imebeba kiwete, kipofu na kibogoyo. Matokeo yake mtu wa pwani akimwita mtoto wa mwenyeji "kitoto" kwa mapenzi, mama huweza kusikia dharau. Mwenyeji akisema "katoto kangu", mgeni naye anasikia dharau. Kila mmoja amekusudia upole.

Niingie katika msamiati, na hapa nitaomba subira yenu kwa neno moja, hongo.

Kila mtoto wa shule leo anajua kwamba hongo ni rushwa. Katika karne ya 19 neno hili lilikuwa na maana nyingine iliyo wazi: ushuru uliolipwa kwa mtawala ili msafara upite katika nchi yake. Kamusi za kale za Kiswahili zimeihifadhi maana hiyo. Ugogo ndiko neno hili lilikosikika zaidi, na sababu yake ni ile malenga niliyoitaja. Nchi ni kavu. Visima na malambo yalichimbwa na kutunzwa na wenyeji, na kila mtemi alikuwa na haki juu ya maji na chakula cha eneo lake. Msafara wa mamia ya watu ukinywa kwenye kisima kwa siku mbili, wenyeji na ng'ombe wao hubaki na matope. Malipo yalifanywa kwa nguo na shanga, na nguo zilihesabiwa kwa shuka na doti, shuka ikiwa mikono minne na doti mikono minane. Bei ilijadiliwa, siku zikapita, na wasafiri wa Kizungu waliokuwa na haraka wakaandika kurasa nyingi za malalamiko juu ya ulafi wa Wagogo. Kile ambacho bandarini kingeitwa ushuru wa forodha, hapa kiliitwa unyang'anyi.

Misafara ilikoma, watemi wakapoteza mamlaka hayo, na neno likabaki na upande wake mbaya tu. Leo mtu anayesoma kwamba "Wagogo walidai hongo" analisoma kwa maana ya sasa na kumhukumu babu wa mtu kwa kosa la jinai ambalo hakulitenda. Nimewahi kuiona sentensi hiyo katika karatasi za wanafunzi bila maelezo yoyote. Neno lililobadilika maana linaweza kuwasingizia watu, na wajibu wa mwanaisimu katika jambo hilo ni mzito kama wa mwanahistoria. Doti, kwa upande wake, ilikuwa na bahati: bado tunanunua kanga kwa doti, Chang'ombe kama Zanzibar, na hakuna aliyelisingizia jambo.

Historia nyingine iliyofungwa katika neno ni Mtunya. Hilo ni jina ambalo Wagogo waliipa njaa kubwa ya mwaka 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakosekana. Wanahistoria wa Tanganyika wamelichukua jina hilo kama lilivyo. Mgeni anayefanya mzaha kuhusu Mgogo na kuomba, mzaha uliozoeleka mno Dar es Salaam, angefaa kulijua neno hili kwanza.

Liko pia neno ambalo mgeni hulipita kila siku bila kulitazama. Upande wa pili wa reli, ukitoka katikati ya mji wa Dodoma, kuna mtaa wa Tambukareli. Kutambuka ni kuvuka kitu kwa kuinua mguu, kama mtu anavyovuka gogo au mtaro, na waliozoea kupita juu ya pau za reli walilitumia kwa usahihi kabisa. Mtu wa Dar es Salaam siku hizi husema kuvuka au kuruka kwa kila kitu. (Wanafunzi wa fasihi wasilichanganye na Tambuka ya utenzi maarufu wa mwaka 1728, hilo ni jina la mji wa Tabuk.) Kiswahili cha zamani kimehifadhiwa hapa katika kibao cha mtaa, bara, na watu wanaokitafuta wanapanda boti kwenda visiwani. Chakula nitakipita: mgeni ataonyeshwa mlenda na ugali wa uwele, na maneno hayo hayahitaji mhadhara, yanahitaji njaa.

Sasa, mgeni wetu anapima haya yote kwa kipimo gani? Atasema: kwa Kiswahili cha pwani. Lakini pwani ipi? Mwaka 1928 wajumbe wa makoloni ya Afrika Mashariki walikutana Mombasa, na katika mji huo huo wa Kimvita wakakubaliana kuchukua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Ulikuwa uamuzi wa kiutawala, wenye faida kubwa ambazo sote tunazitumia, na haukuteremka na mvua. Siku hiyo Mmombasa anayesema ndia, mtele na ndoo pale tunaposema njia, mchele na njoo, aligeuzwa kuwa msemaji wa "lahaja" akiwa amekaa barazani kwake. Na Zanzibar yenyewe, chimbuko la usanifu, mtoto huenda skuli, mama hununua tungule na mbatata, ilhali vitabu vya Bara vinasema shule, nyanya na viazi. Hatuwaambii Wazanzibari kwamba wanaharibu Kiswahili. Tunasema ni utamu wa visiwani.

Wapo watakaonijibu kwamba Kiswahili ni lugha ya kwanza ya watu wa Mombasa na Zanzibar, ilhali Chang'ombe ni lugha ya pili, na kwamba athari ya lugha ya kwanza haiwezi kuitwa lahaja. Hoja hiyo ilikuwa na uzito miaka hamsini iliyopita. Leo katika mtaa huo kuna watoto ambao wazazi wao wanatoka makabila mawili tofauti, waliozaliwa na Kiswahili na hawakijui Cigogo wala Kirangi. Wao nao husema sipendagi na katoto. Athari ya lugha gani hiyo, ikiwa lugha yenyewe hawanayo? Kwao hizo ni kanuni za lugha yao ya kwanza, walizozipokea kwa mama. Nadhani hapa ndipo ilipo kazi ya kitaalamu: kupima ni vipengele vipi vinarithiwa na kizazi hicho na vipi vinaachwa. Dhana yangu, ambayo sijaifanyia hesabu, ni kwamba viambishi vitabaki na lafudhi itapotea. Shule huweza kumfundisha mtoto r kwa miaka miwili, kwa sababu kura na kula zinagongana kila mara na anaona faida. Haiwezi kumnyang'anya -ga, kwa sababu haina cha kumpa badala yake.

Kwa hiyo nashauri tuyatenganishe mambo mawili ambayo darasani huchanganywa. "Kula" ya uchaguzi ni kosa la tahajia, lisahihishwe bila kuona haya. "Siendagi" ni matumizi ya mazungumzo yaliyo nje ya rejista ya maandishi rasmi, na mwanafunzi aambiwe hivyo, kwa maneno hayo. Mwalimu anayeziwekea zote mbili alama moja nyekundu anafundisha utii.

Msafara haukuwa wa kwenda bara tu. Hukwe Zawose, mwanamuziki mashuhuri wa Kigogo, aliondoka nyanda hizi akaishi Bagamoyo, mwanzo wa ile njia ya misafara, akafundisha huko na kufariki huko mwaka 2003. Alikuwa mgeni wa pwani kama tulivyo wageni wa Chang'ombe. Marimba yake hakuyabadilisha jina. Yalibaki ilimba, na kiambishi chake i-, na watu wa pwani na wa Ulaya walijifunza kulitamka. Inawezekana, basi.

Tangu mwaka 2001 Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam umetoa kamusi na sarufi za lugha nyingi za nchi, na atlasi yake ya mwaka 2009 ilionyesha mgawanyo wa lugha hizo kwenye ramani. Kazi hiyo ni msingi mzuri. Lakini Kiswahili chenyewe kinachosemwa katika miji ya bara hakina atlasi, na wakati huohuo majina yanabadilika mbele ya macho yetu. Nirudi kwa Ng'hong'honha. Katika matangazo ya vyumba vya kupangisha, katika barua za ofisi na katika mabango ya barabarani nimelisoma jina hilo likiwa Ng'ong'ona, Nghonghona, Ng'hong'onha na Nghong'onha, na wanafunzi wanaopanga huko husema "Ng'ong'ona" bila pumzi hata moja. Wenye nyumba wanawajibu kwa tahajia hiyo hiyo ili waeleweke na wapate wapangaji. Wazee wa hapo bado hulitamka kwa pumzi zote tatu.